TAARIFA YA DIWANI SI NGOMA YA KUPIGIWA MAKOFI

Ndugu wanaushirika na wanakijiji wote,

Jumamosi hii saa 3 asubuhi Diwani wetu atafika hapa uwanja wa ghala kutoa taarifa ya mambo ya kata na ya Halmashauri ya Wilaya. Mwenyekiti wa Kijiji ameshapiga mbiu. Gazeti letu la ukutani lina neno juu ya mkutano huo. Kila anayeleta mazao asimame alisome, na asiyejua kusoma asomewe na mwenzake.

Neno lenyewe ni hili. Diwani haji kutuhutubia, anakuja kutoa hesabu. Na hesabu haipigiwi makofi kabla haijakaguliwa.

Wako wanaosema, "Mambo ya Halmashauri ni ya wakubwa, sisi letu jembe." Hii si kweli hata kidogo. Fedha za Halmashauri zinaanzia hapa hapa penye mizani. Zao la biashara likiuzwa, mnunuzi hulipa ushuru wa mazao. Mwaka 2017 ushuru huo ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3. Kwa kiwango hicho mazao ya shilingi 1,000,000 yanatoa ushuru wa shilingi 30,000. Anayelipa ni mnunuzi, ndiyo, lakini hakuna mnunuzi asiyeipigia hesabu ile elfu thelathini anapotaja bei. Basi ni jasho letu. Kodi ya maendeleo ilipofutwa mwaka 2003, wengi tukaona kwamba tangu siku ile hatudaiwi na wala hatudai. Kutodaiwa, sawa. Kutodai, hapana!

Tuje kwenye zahanati. Boma tumelijenga wenyewe kwa nguvu zetu. Akina mama walibeba maji na mchanga, vijana wakafyatua matofali, ushirika ukatoa saruji. Kuta zikafika kwenye lenta. Kupaua tuliambiwa ni kazi ya Halmashauri. Toka hapo masika matatu yamenyesha juu ya kuta zile, majani yameota ndani, na mama mwenye uchungu bado anapakiwa kwenye bodaboda usiku kupelekwa kata ya jirani. Katika mkutano uliopita tuliambiwa "fedha imetengwa". Watu wakapiga makofi, wakaenda zao. Hakuna hata mmoja aliyenyosha mkono.

Basi ndugu zangu tufundishane maneno matatu.

IMETENGWA. Yaani imeandikwa kwenye karatasi ya bajeti.
IMEPOKELEWA. Yaani imeingia kwenye akaunti, ipo.
IMETUMIKA. Yaani imekuwa mbao, bati na misumari, na risiti zake zinaonekana.

Fedha iliyotengwa haizuii mvua. Kwa hiyo Jumamosi tuulize hivi: Imetengwa shilingi ngapi? Katika bajeti ya mwaka upi? Imepokelewa ngapi? Fundi ni nani na anaanza lini? Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1 na kwisha Juni 30. Tukikaa kimya bajeti inapopangwa, tumejipanga wenyewe kwenye foleni ya mwaka mwingine. Na wala tusiogope tarakimu. Sisi tuliojifunzia kusoma kwenye madarasa ya watu wazima tunajua kwamba tarakimu haiumi mtu. Inayouma ni ile usiyoisoma.

Jambo la pili ni mikopo. Sheria inaitaka Halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Je, katika kata yetu ni vikundi vingapi vimepata? Vikundi gani? Kama hakuna hata kimoja, ni kwa sababu hatukuomba, au tuliomba fomu zikalala mahali? Haya Diwani anaweza kutujibu, maana yeye ni mjumbe wa Baraza la Madiwani na ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata.

Jambo la tatu, tujue mlango wa kugonga. Barabara zetu za wilaya ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017. Maji ya vijijini yako chini ya RUWASA tangu mwaka 2019. Kwa hiyo Diwani akisema, "Ndugu zangu, greda silishiki mimi," anasema kweli, tusimtukane bure. Lakini ni kweli nusu. Greda halishiki, mdomo anao, na mdomo huo ni wetu. Tumwulize: Umekwenda kuuliza nini kwa niaba yetu? Lini? Umejibiwa nini? Aliyetumwa na kijiji hurudi na jibu, hata kama jibu ni "hapana".

Wazee wetu wanakumbuka. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa, mamlaka yakashikwa na watumishi wa Serikali. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa. Sheria za kuvirudisha vyote zilipitishwa mwaka 1982, na halmashauri zikaanza kazi tena mwaka 1984. Vilirudi kwa sababu watu waliona tofauti kati ya kuamua na kuamuliwa. Sasa tumerudishiwa uwanja, halafu uwanjani hatuji! Tunamwachia Mwenyekiti, Mtendaji na watoto wanaopita na mbuzi.

Sheria ile ya Serikali za Mitaa, Na. 7 ya mwaka 1982, inasema mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye kauli ya juu kijijini, na mjumbe wake ni kila mkazi aliyefikisha miaka 18. Haikusema mwenye viatu. Haikusema mwanaume. Haikusema mwenye kadi ya chama fulani.

Hapo kwenye kadi napo pasemwe wazi, maana anayeandika haya ni Katibu wa Chama. Watakuwepo watakaonong'ona kwamba Katibu anamchongea mtu wa chama chake mwenyewe. Sivyo. Tulimpigia debe kijiji kizima kikishuhudia, wala hatukani. Lakini nchi hii ina vyama vingi tangu mwaka 1992, na diwani akishaapa ni wa kata nzima, aliyempa kura na aliyemnyima. Chama kinachomficha diwani wake asiulizwe hakimsaidii, kinamwozesha. Anayempenda Diwani amwulize mchana mbele za watu, asimsengenye usiku kilabuni. Wasemaji wa kilabuni tunao wa kutosha, bwana. Tunaowataka ni wa mkutanoni.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne kwa Jumamosi:

1. Akina mama wakae mbele, na swali la zahanati waanze wao. Wao ndio wanaojua njia ya bodaboda usiku ilivyo.
2. Vijana wa kijiweni wafunge kijiwe kwa saa mbili tu. Barabara wanayoilalamikia inazungumzwa siku hiyo.
3. Anayeuliza aulize kwa adabu na kwa ufupi. Matusi humpa mtu nafasi ya kukasirika badala ya kujibu.
4. Katibu wa Ushirika aandike kila swali na kila jibu kwenye daftari. Majibu yatabandikwa hapa hapa ukutani, tarehe na kiasi, kwa herufi kubwa. Diwani akija tena baada ya miezi mitatu tutasoma pamoja naye kilichoandikwa.

Likitimizwa tutaandika limetimizwa, na makofi hayo tutayapiga kwa moyo mweupe. Lisipotimizwa tutaandika vilevile.

Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Imelia. Kuuliza si ujinga. Tukutane Jumamosi.

Katibu wa Chama,
kwa niaba ya Kamati ya Gazeti la Ukutani