Waini kwa Maonyesho Garissa? Usiseme 'Haiwezekani' Kabla Ucheki Sheria

Uliza msee yeyote wa Iftin kama mfanyabiashara wa Nairobi anaweza kufika Garissa na boksi za waini, apige tenti kwa maonyesho ya biashara na aanze kuuza. Utachekwa kwanza. Halafu utaambiwa, "Warya, hapa si Nairobi." Mji ni wa Waislamu wengi, pale Suuq Mugdi biashara ni ya nguo, simu na maziwa ya ngamia, na wengi wanaona story ya pombe imeishia hapo.

Lakini haijaishia hapo. Garissa kuna walimu, askari na wafanyakazi kutoka kule watu hapa wanaita "down Kenya", na wengine wao wanakunywa. Kuna pia vijana wa hapa hapa ambao wanakunywa na hakuna mtu anataka kuwataja. Keroro iko. Swali ni nani anaamua inauzwa wapi, na anaamua kwa njia gani.

Jibu la kwanza liko kwa Katiba ya 2010. Jedwali la Nne limepatia kaunti kazi ya kutoa leseni za pombe, na jedwali hilo hilo limezipatia masoko na leseni za biashara. Kwa hivyo mwenye kutaka kuuza tei sokoni ama kwa maonyesho, mlango wake ni kaunti. Mwenye kukodisha uwanja hana hiyo nguvu. OCS pia hana, hata kama mmeelewana vizuri vipi.

Jibu la pili ni Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ile mtaani tunaita Sheria ya Mututho, kwa sababu ya John Mututho aliyekuwa mbunge wa Naivasha. Watu wanakumbuka masaa tu: baa kufunguliwa saa kumi na moja jioni siku za kazi na saa nane mchana wikendi, kufungwa saa tano usiku. Kuna mengine yanamgusa moja kwa moja mtu wa tenti. Leseni ya baa imefungwa kwa jengo lake, huwezi kuibeba kwa pickup kama jiko la mahindi. Mtu wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kuingia mahali pombe inauzwa. Baa inafaa kuwa angalau mita 300 kutoka shule. Sasa fikiria maonyesho, vile watoto wa shule wanajaa na sare zao tangu asubuhi. Hata ukipata leseni ya muda ya hafla moja, hiyo kona yako itabidi uizungushie ua na uweke mtu mlangoni wa kuangalia vitambulisho. Ukipiga hesabu ya tenti, mafuta na huyo bouncer, sioni faida ya chupa ishirini za waini.

Kuna kipengele watu wa Garissa wangekipenda wakikijua. Maombi ya leseni yanawekwa hadharani, na mkazi ana haki ya kuandika pingamizi. Kamati pia inafaa kujiuliza kama hiyo leseni ina manufaa kwa umma. Maana yake ni kwamba mji ambao hautaki pombe sokoni hauhitaji kuchoma tenti ya mtu. Unahitaji barua, majina na sahihi kabla siku ya kikao ifike. Mwombaji akinyimwa, Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Akiona ameonewa, aende kortini.

Hapo ndipo nawaambia viongozi wetu waangalie ile noma ya muguka. Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir wa Mombasa alitoa amri ya kupiga muguka marufuku, Gideon Mung'aro wa Kilifi akafuata, Taita Taveta pia. Wazazi wengi Pwani walishangilia. Lakini siku chache baadaye Rais Ruto alikutana na viongozi wa Embu na kusema marufuku hayo hayana nguvu, kwa sababu miraa na muguka ni mazao yanayotambuliwa na sheria ya kitaifa. Mahakama Kuu ya Embu nayo ikasimamisha amri. Gari zikaendelea kushuka Mombasa.

Pombe ni tofauti kidogo, na tofauti hiyo inasaidia Garissa. Leseni ya pombe ni kazi ya kaunti kwa jina, haihitaji kubahatisha. Kaunti ikikataa ombi moja moja, kwa kikao na sababu, iko kwa msingi mgumu kuliko Mombasa ilivyokuwa. Ikitoa tamko la jumla jukwaani ili wazee wapige makofi, wakili wa kwanza atakayepanda ndege ataliangusha.

Na kukataa peke yake hakutoshi. Februari 2024, Kirinyaga, watu zaidi ya kumi walikufa baada ya kunywa kileo chenye sumu, na mwezi uliofuata Kithure Kindiki, wakati huo waziri wa usalama, akatoa masharti 25 kuhusu pombe. Kirinyaga kuna baa kila kona na bado hiyo ilitokea. Sasa jaza mwenyewe: kijana wa Garissa ananunua chupa gizani, kwa mtu asiye na duka, bila risiti. Akianza kupofuka usiku, atamwambia nani amekunywa nini? Mamake?

Julai 2025 serikali ya kitaifa ilizindua sera mpya inayopendekeza umri upande hadi 21, na pombe itolewe kwa supamaketi, mikahawa, fuo za umma na mauzo ya mtandaoni. Wenye baa walipiga nduru, na Nacada ikabidi ieleze kwamba sera si sheria bado. Mpaka Bunge lifanye kitu, kazi ya leseni inabaki pale pale kwa kaunti.

Kwa hivyo MCA wako akija mtaani, achana na swali la kama anaunga mkono pombe, hiyo jibu lake unalijua. Muulize kamati ya leseni ina nani, inakaa lini, notisi zinabandikwa ukuta gani, na fomu ya mwenye stendi kwa maonyesho yajayo inasema nini kuhusu vileo.