Nani Ananyonya Mupira?



Kila shofere anajua kunyonya esanse. Anatia mupira ndani ya tanki, anaweka bidoni chini, ananyonya kwa kinywa mara moja tu. Kisha hanyonyi tena. Esanse inatelemka kwa uzito wake yenyewe, mpaka tanki inabaki tupu. Shurti mambo mawili: bidoni ikae chini ya tanki, na hewa isiingie ndani ya mupira.

Mali ya inchi inatoka namna hiyohiyo. Ndiyo sababu mwizi wa mali tunamwita munyonyaji. Union Minière ilizaliwa mwaka 1906, na mwaka 1911 shaba ya kwanza ikayeyushwa Lubumbashi. Bidoni ilikuwa Bruxelles. Wakubwa walivuta mara ya kwanza. Kisha jasho la wafanyakazi ndilo likawa uzito wa kuitelemsha shaba. Desemba 1941 wafanyakazi wa Élisabethville waligoma juu ya mushahara, wakapigwa risasi.

Julai 1960 Tshombe akatenga Katanga, na kodi ya Union Minière ikaenda kwake, haikufika Léopoldville. Mwaka 1967 serikali ikatwaa migodi. Watu wakashangilia: mupira umekatwa! Kumbe umebadilisha kinywa tu. Mali ya Gécamines ikanenepesha wakubwa wa Mobutu, na mashine zikakosa vipuri. Septemba 1990 sehemu ya mugodi wa Kamoto ikaporomoka.

Basi, ndugu, tusitazame rangi ya kinywa. Tutazame mupira. Shofere yeyote atawaambia namna ya kuusimamisha: inua bidoni, ao ingiza hewa.

Kuinua bidoni ni kufanya faida ibaki hapa, ilipe shule, maji na hospitali. Kuingiza hewa ni kufungua mikataba na vitabu vya hesabu mbele ya watu wote. Sheria ya migodi ya mwaka 2018 inasema: katika kodi ya madini, sehemu 25 kwa 100 ni za province, na sehemu 15 ni za muji ao sheferi yenye mugodi.

Ulizeni basi, ndani ya sendika na mbele ya bourgmestre: zile sehemu 15 zimefika? Zimejenga nini? Mutu mumoja akiuliza, atafukuzwa. Muji muzima ukiuliza, hewa imeingia.