Mtoto Akienda Ng'ambo, Kodi Inalipwa Wapi?

Akina mama wenzetu, swali hili limeletwa kwetu mara nyingi, zahanati na hata baada ya ibada, mpaka tumeona tulipe nafasi ya mwezi huu. Mama mmoja wa Ujiji, ambaye binti yake anafanya kazi Muscat, aliliweka hivi: mwanangu anadaiwa kodi huko au huku? Na hizi hela anazonitumia, hazitaniletea matatizo?

Tuanze na hela za kutumiwa, maana ndizo zinazowanyima wengi usingizi. Fedha anazotuma mtoto ili mama ale na atibiwe si mshahara wa mama wala faida ya biashara yake. Mama hadaiwi kodi ya mapato kwa hizo. Lakini hela hizo zikijenga nyumba pale Mwanga, na nyumba ikapata wapangaji, pango hilo ni mapato yaliyopatikana Tanzania. (Lugha yetu hapa inatuchanganya kidogo, kwani pango nalo tunaliita kodi.) Mwenye nyumba awe Muscat au Toronto, serikali ya hapa ina haki ya kuyatoza mapato hayo, na mama anayekusanya pango kwa niaba yake ni vema alijue hilo mapema.

Sasa tuje kwenye mshahara wenyewe. Wengi wetu hudhani jambo hili huamuliwa na pasi ya kusafiria. Hasha! Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 haiulizi wewe ni raia wa wapi, inauliza kama ulikuwa mkazi mwaka huo. Aliyekaa nchini jumla ya siku 183 au zaidi kati ya Januari na Desemba ni mkazi, hata kama siku hizo hazikufuatana. Yupo pia anayekuja na kuondoka kila mwaka: akifika mwaka huu, na wastani wa siku zake kwa mwaka huu na miwili iliyotangulia ukazidi 122, naye ni mkazi. Na mwenye makao ya kudumu Tanzania, akikanyaga nchini hata kwa sehemu ndogo tu ya mwaka, anahesabiwa mkazi vilevile. Mtumishi wa Serikali aliyepelekwa kufanya kazi nje hubaki mkazi.

Kwa nini tunasumbuka na hesabu hii ya siku? Kwa sababu mkazi hutozwa kwa mapato yake ya dunia nzima, na asiye mkazi hutozwa kwa yale tu yenye chanzo Tanzania.

Turudi kwa binti wa Muscat. Ni kweli, kama mawakala wanavyopenda kusema, kwamba Oman haikati kodi ya mapato kwenye mshahara wa mtu. Sheria waliyoitoa mwaka 2025 itaanza Januari 2028, tena kwa wale tu wanaopata zaidi ya rial 42,000 kwa mwaka, na msichana wa kazi za ndani hafiki hapo hata kwa ndoto. Ila kutokukatwa huko si kibali cha kusamehewa huku. Akiwa na makao yake ya kudumu hapa, na mwaka huo akaja likizo, anaweza kuhesabiwa mkazi, na mshahara wa Muscat ukaingia kwenye hesabu ya Tanzania. Je, chumba kwa mama ni makao ya kudumu? Hilo tusiliamue sisi kwenye foleni ya kliniki. Liulizwe ofisi ya TRA, tena kwa maandishi.

Aliyekatwa kodi ugenini ana nafuu. Mfanyabiashara anayeishi Ujiji na kupata faida Bujumbura hubaki mkazi wa hapa, lakini kodi ya mapato aliyolipa Burundi hupunguzwa kwenye anayodaiwa Tanzania, mradi awe na risiti, na nafuu isizidi kodi ambayo Tanzania ingetoza kwa mapato yale yale. Ikiwa Burundi imechukua 300,000 kwa shilingi zetu na hapa ingekuwa 200,000, anapunguziwa 200,000. Zambia, ng'ambo ya kusini mwa ziwa letu, ina mkataba na Tanzania wa kuzuia kodi kutozwa mara mbili. Ule wa Afrika Mashariki ulitiwa saini mwaka 2010, ukakaa miaka mingi ukisubiri nchi zote ziuridhie.

Kwa wauguzi wenzetu walioko Uingereza, angalieni jambo moja. Huko mwaka wa kodi huanza Aprili 6, na pauni 12,570 za kwanza hazitozwi. Msamaha huo hugawanywa kwa mwaka mzima. Anayerudi nyumbani kwa jumla katikati ya mwaka mara nyingi huwa amekatwa kupita kiasi, na anaweza kudai arudishiwe ndani ya miaka minne. Wengi huziacha hela hizo kwa kutojua tu, wakati kuzidai ni kujaza fomu. Karatasi ya P45 ya kuacha kazi isitupwe.

Na kwa wale wa Kasulu wanaonung'unika kwamba jirani wa Umoja wa Mataifa hakatwi na wao wa mashirika mengine wanakatwa: hapo hakuna upendeleo wa mhasibu. Msamaha ule unatokana na mkataba wa kimataifa wa mwaka 1946, na haukuandikwa kwa ajili ya mashirika yasiyo ya kiserikali.

Anayekatwa na mwajiri wa hapa nchini, na hana mapato mengine, kwa kawaida halazimiki kuwasilisha ritani. Mkazi anayelipwa na mwajiri wa nje ndiye anayepaswa kujitokeza mwenyewe, akiwa na namba yake ya mlipa kodi, kabla ya Juni 30 ya mwaka unaofuata kupita. Aende na hati za mshahara, risiti za kodi ya huko, na pasi yenye mihuri ya kuingia na kutoka. Wanaovuka kwa mitumbwi ya Kibirizi wasione taabu kugongesha mihuri hiyo, maana siku 183 huhesabiwa kwa ushahidi.