Picha Iliyoibwa Simuni: Mwenyewe Aende Wapi?

Mwezi uliopita, baada ya sala ya Isha, bibi mmoja jirani yangu alinipigia hodi, bintiye nyuma yake, buibui limemfunika mpaka machoni. Hakutaka chai. "Ndugu yangu," akaniambia, "wewe ni mtu wa magazeti, wajua watu. Nionyeshe pa kwenda, maana mimi nimeshindwa, na babake akijua ataua mtu."

Basi nikaelezwa. Binti alipeleka simu kwa fundi kubadilishwa kioo, akaandika namba ya siri kwenye kikaratasi kama alivyoambiwa, akenda zake. Baada ya wiki mbili picha zake zikaanza kuzunguka katika simu za watu. Baadhi zilipigwa kwenye kupamba, harusi ya dada yake, naye yu kichwa wazi na shingo wazi kama walivyo wanawake wote wakiwa peke yao. Nyingine mbili alijipiga chumbani mwake kumpelekea mumewe aliyeko Doha kazini. Kisha ikaja namba asiyoijua, ikidai shilingi 30,000 ama zifike msikitini kwa babake.

Sikuwa na jibu usiku ule. Niliwaambia mambo mawili tu, na alhamdulillahi hayakuwa makosa: wasilipe, na wasifute kitu. Mengine nimeyatafuta tangu siku hiyo, kwa mawakili na kwa kusoma sheria zenyewe, na ndiyo haya nikuandikiayo, ndugu msomaji, maana yamkini nawe una binti, au dada, au wewe mwenyewe wayapitia hayo umenyamaza.

Nilipokuwa mtoto jambo hili lilikuwa na mlango mmoja. Picha ilipigwa studio. Mwanamke wa Mji wa Kale akenda kupigwa picha, kaka yake husimama pale pale, na siku ya kuchukua, sisi watoto hutumwa kuleta picha pamoja na negativu yake. Na ole wake arudiye bila ya negativu. Wazee wetu hawakujua sheria ya kizungu, lakini walijua mali iko wapi. Leo negativu haipo pa kushikwa.

Tuanze na sheria iliyo kali. Kenya ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao, ya mwaka 2018. Ilipotoka tu Mahakama Kuu ilisimamisha vifungu vyake vingi, kwa kesi iliyofunguliwa na waandishi wa mtandaoni, mpaka Februari 2020 vikaruhusiwa. Kifungu cha 37 kinamshika mtu anayepeleka, anayechapisha au anayesambaza picha ya faragha au ya uchi ya mtu mwengine. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Angalia maneno hayo vizuri. Hayamtaji mwizi peke yake. Shangazi aliyeipokea picha ile katika kundi la akina mama, akaipeleka kundi la pili "ili watu wawaonye binti zao," naye amesambaza. Tena kifungu hicho hakimuulizi mwenye picha kwa nini alijipiga. Nasema hivi kwa sababu kila niliyemshauri, hata watu wa elimu zao, swali lake la kwanza lilikuwa hilo hilo, na msichana akisikia swali hilo mara tatu hafiki kituoni.

Huyo fundi je? Kuna kifungu cha 14, cha kuingia katika kompyuta ya mtu bila ya idhini, na simu nayo ni kompyuta kwa sheria hii. Faini yake yafika shilingi milioni 5, au kifungo miaka 3. Lakini wakili mmoja alinionya tusishangilie mapema, kwa kuwa kifungu chazungumzia kuvunja kinga ya chombo, na fundi atasema hakuvunja kufuli, alipewa ufunguo. Jibu ni kwamba alipewa ufunguo wa kutazama kioo, hakupewa wa kufungua makabati. Hata hivyo ni mabishano, na mabishano mahakamani huchukua siku. Ama huyo anayedai pesa, wala hahitaji sheria ya kompyuta. Kumtisha mtu ili atoe mali ni kosa katika Kanuni ya Adhabu tangu zamani.

Na picha ikiwa ya mtoto, aliye chini ya miaka 18, mambo hugeuka kabisa. Hapo ni kifungu cha 24: faini mpaka shilingi milioni 20, au kifungo mpaka miaka 25, na kuwa nayo tu ni kosa. Vijana wanaoweka picha za wanafunzi wenzao simuni kwa mzaha hawajui wamebeba nini mfukoni.

Upo pia mlango wa kifungu cha 27, kile cha kumsumbua mtu kwa mtandao. Uzuri wake haukuwa katika adhabu. Kilipoandikwa mwaka 2018 kiliweka njia ya kuomba amri ya mahakama ya kumkomesha msumbufu, maombi yakasikizwa ndani ya siku 14. Mtu mwengine akaweza kuomba kwa niaba ya mwenye kusumbuliwa, hata nje ya saa za kazi. Na mahakama ikaweza kuiamuru kampuni ya simu itaje mwenye namba. Kwa binti asiyeweza kusimama mbele ya watu, hiyo ni rehema. Lakini Bunge liligeuza sheria hii Oktoba 2025, na mwezi huo huo Mahakama Kuu ikasimamisha baadhi ya mageuzi ya kifungu hicho. Mwenye kutaka kupita hapo na amuulize wakili kwanza mambo yamefika wapi.

Watu wetu wengi hukimbilia kwa Kadhi. Si ajabu, ndiko twendako na mambo ya nyumba. Lakini Katiba, ibara ya 170, imempa Kadhi ndoa, talaka, urithi na hali ya mtu, kwa Waislamu waliokubali kuhukumiwa naye. Ikiwa aliyezitoa picha ni mume, mke aweza kumweleza Kadhi hayo akidai talaka. Kumfunga fundi, au kuamuru picha ziondolewe, Kadhi hana uwezo huo.

Sasa zile picha za kupamba, nazo ndizo zilizonishughulisha zaidi. Mzee mmoja aliniambia, "Hizo si neno, yuko na nguo." Kwake yeye picha ya aibu ni ya uchi basi. Lakini kila mtu wa pwani ajua kwamba ukumbi wa kupamba mwanamume haingii, na mama mmoja hukaa mlangoni na kikapu akikusanya simu. Nywele zilizofunuliwa humo ni siri kama chumba cha kulala. Je, hakimu aliyelelewa bara atakubali kuwa hiyo ni picha ya faragha kwa maana ya kifungu cha 37? Huenda akubali, huenda akatae. Kwa hivyo mimi nashauri picha hizo zipitishwe mlango mwengine.

Mlango huo ni Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Humo uso wako ni data yako, uwe umevaa au hukuvaa. Malalamiko hupelekwa kwa Kamishna wa Data, naye ametakiwa ayamalize katika siku 90, na sheria yatambua fidia hata kwa uchungu wa moyo. Mwaka 2023 Kamishna alikipiga klabu kimoja cha starehe huko Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kumtangaza mteja kwa picha yake bila ya ridhaa. Mtu aliyekwenda klabuni, mahali pa watu wote, nguo zake mwilini! Ikiwa huyo amelindwa, nani atasema bibi harusi na dada zake, ndani ya ukumbi uliofungwa, hawastahili? Ila sheria hiyo huyaacha mambo ya mtu na nyumba yake, kwa hivyo yamfaa zaidi mwenye kushitaki duka, mpiga picha wa harusi au mwenye ukurasa wa umbea.

Na juu ya zote iko Katiba yenyewe, ibara ya 31, haki ya faragha. Mtu aweza kwenda Mahakama Kuu kuidai, na ibara ya 22 yasema ada ya kufungua kesi ya namna hiyo isitozwe. Asiye na wakili aulize FIDA, chama cha mawakili wanawake, ambacho kina ofisi Mombasa.

Surat Nur tuliihifadhi chuoni kabla hatujajua maana yake. Humo mna habari ya uzushi aliozuliwa Bibi Aisha, na hukumu ya viboko 80 kwa mwenye kumsingizia mwanamke wa heshima bila ya mashahidi wanne. Wengi wetu huishia hapo, wakasema picha si uzushi, picha ni kweli. Lakini sura hiyo hiyo inawatisha wanaopenda uchafu uenee kati ya waumini, na haikusema uchafu wa uongo tu. Kisha yaja amri ya kupiga hodi, na Bukhari ameipokea habari ya mtu aliyechungulia kwenye tundu ya nyumba ya Mtume (S.A.W.), akakemewa kwa ukali, akafahamishwa kuwa hodi imewekwa kwa sababu ya jicho. Imamu anayehutubia Ijumaa juu ya wasichana na simu, na anikumbushe ni lini alihutubia juu ya wachunguliaji.

Nirudi kwenye ushahidi, maana hapo ndipo kesi nyingi hufia. Picha ya kioo cha simu iliyochapwa karatasini haitoshi. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, yataka cheti kilichotiwa sahihi, kueleza chombo gani kilitumika na nani alikitumia. Basi usifute ujumbe, hata ukikuchoma. Andika namba, siku na saa. Na ukichapisha, aliyechapisha akuandikie cheti. Kuzuia picha zisienee zaidi, kuna huduma iitwayo StopNCII, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2021: simu yako huitolea picha alama yake, kama ya kidole, na alama hiyo peke yake ndiyo ipelekwayo kwa makampuni ya mitandao yaliyojiunga, ili waizuie. Picha haitoki kwako. Ndani ya jumbe za mtu na mtu haifiki.

Yule binti alikwenda kituoni siku ya Jumatatu na mamake. Mamake aliomba askari wa kike, akapatikana baada ya saa mbili. Maelezo yameandikwa, namba ya OB ipo, simu imechukuliwa kuchunguzwa. Mumewe ameambiwa na mkewe mwenyewe, kwa simu ya mamake, kabla hajaambiwa na mtu mwengine. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza fundi huyo yuko mtaa gani. Jana nilipita hapo. Duka li wazi, na kikaratasi kingali kimebandikwa ukutani: wateja waandike namba zao za siri.