KIBARAZANI: Tulipongoja Nishat Bagh

Mwaka jana katika ukurasa huu nilizungumzia mikate ya ajemi, na jamaa wa Muscat wakaniletea barua za kunisuta kwamba nimesahau kutaja hamira. Nimesikia. Safari hii sina mapishi. Nina kisa cha mwaka 2023, ambacho nimekaa nacho kifuani kwa sababu mwenyewe hakunipa ruhusa ya kukitoa mpaka mwaka huu.

Mwenyewe ni shoga yangu wa Hurumzi, ambaye wengi wenu mmemla chevdo lake katika arusi zetu. Tulikua mlango kwa mlango Unguja, yeye Mhindu na mimi Mwislamu. Ikifika Diwali sinia lao likija kwetu, na ikifika Idi mama akiwapikia sufuria mbali isiyopata kuguswa na nyama. Baada ya mwaka 1964 kila nyumba ilishika njia yake. Tukaja kuonana tena Leicester, kwenye lango la kiwanda cha soksi tulikokwenda wote wawili kutafuta kazi, na tangu siku hiyo hatujaachana.

Basi shoga yangu alikuwa na deni. Yeye na marehemu mumewe waliweka nadhiri zamani kwamba watakwenda Amarnath, lile pango la Kashmir lililo mita 3,888 juu ya bahari, ambamo maji yanayodondoka huganda na kusimama kama nguzo ya barafu, na Wahindu huitukuza kuwa ni alama ya Shiva. Inasimuliwa kwamba humo ndimo Shiva alimofunulia mkewe Parvati siri ya uhai usiokwisha. Mume alifariki mwaka 2011, deni likabaki. Kila mwaka palikuwa na sababu: mara goti, mara mjukuu, mara fedha.

Alipojikaza mwaka 2023 akakuta mlango umefungwa. Sheria ya ziara hiyo haimwandikishi aliye chini ya miaka 13 wala aliyezidi miaka 70. Shoga yangu kwa hakika alikuwa na miaka 69. Lakini marehemu baba yake alipompeleka shule Unguja alimwongezea miaka miwili ili apokelewe mapema, na ile 1951 ya uongo ikamfuata katika kila karatasi mpaka pasipoti. Tulicheka sana jikoni kwake siku ile, kisha nikaona kwamba yeye hacheki tena.

Mwanawe wa pekee ndiye aliyesema, "Nitakwenda mimi, Mama." Kijana huyu, ikiwa mtu wa miaka 41 bado ni kijana, si mtu wa hekalu. Mimi ananiita masi, yaani khalati, na tangu utotoni akija kwangu kujificha wakati wa puja. Nilistaajabu. Akapimwa na daktari aliyeruhusiwa kutoa vyeti vya ziara, akaandikishwa. Mama yake akasema naye atakwenda, japo mpaka Srinagar, amngoje chini. Na mimi nikasema siwezi kumwacha mwenzangu angoje peke yake. Idi Kubwa tuliila Leicester, na siku chache baadaye tukapanda ndege.

Tulipanga katika nyumba ya mashua juu ya Ziwa Dal. Ni nyumba kamili ya mbao zilizochongwa, yenye vyumba, mazulia na kibaraza mbele, ila inaelea. Kijana aliondoka kwenda Pahalgam tarehe 5 Julai, na tarehe 6 akaanza kupanda kutoka Chandanwari. Mama yake alimpa soksi jozi sita, dawa za kila ugonjwa ujulikanao, na mkono wake ulimshika begani muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Usiku ule ikaanza mvua.

Tarehe 7 tukaambiwa ziara imesimamishwa njia zote mbili. Simu ya kijana ilikuwa na kadi ya kulipia kabla aliyoinunua Delhi, na kadi za namna hiyo zilizonunuliwa nje ya Kashmir hazifanyi kazi huko. Hatukujua hilo mpaka tulipokwisha kumpigia mara ishirini. Shoga yangu anasoma magazeti, na hilo ndilo lililokuwa baya. Alikumbuka Agosti 1996, theluji ilipowashika mahujaji njiani wakafa zaidi ya 240. Alikumbuka tarehe 8 Julai 2022, mwaka mmoja tu nyuma, maji yaliposhuka kwa ghafula karibu na pango yakachukua hema na watu, wakafa wasiopungua 15. Usiku kucha mvua inapiga paa, naye anahesabu tarehe. Nilisoma Yasini kimyakimya kitandani mwangu, naye upande wa pili anasoma yake. Sikumwambia, na nadhani alisikia.

Tarehe 9 asubuhi mbingu ikafunguka. Mwenye nyumba, mzee mwenye adabu sana, akasema kwamba mabibi wawili kukaa ndani wakitazama simu si jambo jema, akatuitia shikara, ile mashua yao nyembamba yenye paa na mito, ikatupeleka Nishat Bagh.

Ndugu zangu, nimeona bustani nyingi, za Kiingereza na za Ghuba, lakini hii ni nyingine. Jina lake maana yake ni Bustani ya Furaha. Aliijenga Asif Khan mwaka 1633, kaka yake Nur Jahan na baba yake Mumtaz Mahal, yule aliyezikwa Taj Mahal. Mlima wa Zabarwan uko nyuma, ziwa liko mbele, na bustani imepangwa kama ngazi kubwa zinazoshuka kutoka mlimani. Ngazi hizo zilikuwa kumi na mbili kwa hesabu ya buruji, ila barabara ya kando ya ziwa imeukata upande wa chini. Katikati unapita mfereji wa maji, mpana lakini si wa kina, na kila yanapofika ukingoni mwa ngazi maji huteremka juu ya jiwe lililochongwa mawimbi, yakapiga povu na sauti. Pembeni kuna miti ya chinari, mikubwa kuliko mbuyu kwa kivuli, na jani lake ni kama kiganja cha mkono kilichokunjuliwa vidole. Ukisimama ngazi ya juu unaona maji yote yakikimbilia ziwani, na ng'ambo ya ziwa kuba jeupe la msikiti wa Hazratbal.

Tukakaa chini ya chinari. Familia zilitandika mazulia, watoto wanacheza, mabibi wanamimina chai ya chumvi kutoka kwenye chupa. Sisi tulikuwa na kahwa. Wanaiita kahwa, lakini hamna kahawa hata punje: ni chai ya majani mabichi yenye zafarani, iliki, mdalasini na lozi. Shoga yangu akaonja akasema, "Hii mtu wa Forodhani angeitemea mbali." Ndilo neno lake la kwanza la mzaha kwa siku tatu.

Bibi mmoja wa zulia la pili alituuliza kwa Kiurdu tunasema lugha gani. Tulipomwambia akataka asikie. Tukampa dunia, rangi, sabuni, chai, safari, akapiga makofi kwa furaha kwamba Waafrika wanasema Kiurdu. Hatukumsahihisha.

Ana yeye bibi huyo akatuhadithia habari ya bustani, jinsi wanavyoisimulia kwao. Mfalme Shah Jahan alipoiona aliisifu mara tatu mbele ya Asif Khan, mkwewe, akitazamia aambiwe, "Ni yako." Asif Khan akanyamaza. Mfalme akakasirika, akaamuru maji yakatwe. Bustani ikakauka, na mwenyewe akalala chini ya mti kwa huzuni, mpaka mtumishi wake mmoja, bila kutumwa, akaenda akayafungulia maji. Asif Khan aliposhtuka kwa sauti ya maji aliogopa, akaamuru yafungwe upesi. Lakini mfalme alipopata habari hakumwadhibu mtumishi, akarudisha ruhusa ya maji.

Bibi alipokwisha kuondoka, shoga yangu alikaa kimya, kisha akasema, "Mimi ndiye niliyekata maji, shoga."

Nikamwuliza maji gani. Ndipo aliponieleza. Mwaka 1984, mtoto akiwa na miaka miwili, alishikwa na homa kali Leicester, akawa hajui mtu. Madaktari waliwaambia wajiandae. Usiku ule, katika ujia wa hospitali, mumewe aliweka nadhiri: mtoto akipona, nitapanda Amarnath kwa miguu yangu. Mtoto akapona. Wao wawili wakakubaliana wasimwambie kamwe, asije akajiona ana deni la uhai wake. "Sasa nimemwambia ni wasia wa baba yake tu," alisema. "Nimemtuma mtoto yule yule, mlima ule ule, alipe deni asilolijua. Na Mungu akimchukua huko juu, nani atakuwa amemchukua? Si mimi?"

Sikuwa na jibu, na nyinyi mnaonijua mnajua kwamba hilo ni nadra. Nilimshika mkono. Tukakaa muda mrefu tukisikiliza maji.

Tulipokuwa tunapanda shikara simu yangu ikalia, namba ya Kashmir. "Masi? Ni mimi. Nimeazima simu." Alikuwa amezuiliwa Sheshnag siku mbili ndani ya hema. Mwenye farasi mmoja, Mwislamu wa vijiji vya chini, alimpa blanketi lake mwenyewe, na asubuhi njia ilipofunguliwa akamshika mkono kumpandisha penye utelezi, kwa sababu kijana alikataa katakata kupanda farasi. Ameliona pango. Atashuka kwa njia ya Baltal, ile ya kilomita 14. Nikampa mama yake simu, nikageuka kutazama ziwa.

Nasema Mwislamu kwa sababu kuna watu kwetu wasiojua. Wapokeaji wa mahujaji hao, wenye farasi, wabeba machela na wauza chai, wengi wao ni Waislamu. Hata masimulizi ya pango yanamtaja mchungaji Mwislamu, Buta Malik, kuwa ndiye aliyelivumbua tena, na jamaa zake wakipata fungu katika sadaka za pango mpaka sheria ya mwaka 2000 ilipounda bodi ya kulisimamia. Aprili 2025, watu 26 walipouawa pale malishoni Baisaran, karibu na Pahalgam, mmoja wao alikuwa mwenye farasi Mwislamu wa huko huko. Siku ile shoga yangu alinipigia simu akilia. Hatukujua jina la yule aliyemsaidia mwanawe, na hatutalijua. Ndipo aliponiambia, "Sasa andika."

Kijana alipofika Srinagar alikuwa amekonda, ndevu zimemjaa, na miguu imetoka malengelenge ijapokuwa soksi zilikuwa jozi sita. Mama yake akataka twende tena Nishat Bagh, sote watatu. Chini ya chinari ile ile akamwambia yote, homa, ujia wa hospitali, ahadi ya baba. Nilitaka kuondoka niwaachie faragha, akanivuta buibui nikae.

Kijana alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema kitu. Alivua viatu, akavua soksi, akakaa ukingoni mwa mfereji akaitumbukiza miguu yake ndani ya maji. Baada ya muda akauliza, "Baba aliahidi kwa miguu yake?"

"Kwa miguu yake," mama akajibu.

Mlinzi wa bustani akapiga filimbi kutoka ngazi ya juu, akaja mbio akipunga mkono kwamba ni marufuku. Shoga yangu akasimama, akamkabili kwa Kiswahili, maana hasira ikimpanda lugha nyingine zote humkimbia, "Mwache! Mwache mwanangu aoshe miguu!" Mlinzi akatazama ile miguu, akatazama mama, akarudi zake juu polepole.