Kabla Hujaiita Rosenrot Kiporo, Isikilize

Mashabiki wa Rammstein hapa chuoni hatujai hata daladala moja, lakini kelele zetu ni za basi zima. Mada ni ileile kila muhula: albamu ipi ya kwanza, ipi ya mwisho. Tangu 1995 bendi imetoa albamu nane za studio, kwa hiyo orodha ni fupi, mtu anaimaliza akiwa kwenye foleni ya chai. Na karibu orodha zote nilizosikia zinafanana sehemu mbili. Juu kabisa Mutter. Chini kabisa Rosenrot. Katikati watu wanagombana mpaka usiku wa manane, ila kichwa na mkia havigusiki.

Kuhusu kichwa sina ugomvi. Ugomvi wangu uko mkiani. Nasema hivi: Rosenrot haikufika huko kwa kusikilizwa, ilifikishwa kwa kudesa. Mmoja aliandika orodha yake, wa pili akainakili, wa tatu akamnakili wa pili, na leo tunaipitisha chumba kwa chumba kama madesa ya mwaka wa kwanza ambayo hakuna anayejua nani aliyaandika.

Kwa wanaokutana na jina hili kwa mara ya kwanza: Rammstein ni Wajerumani sita waliojikusanya Berlin mwaka 1994, na mpaka leo ni walewale sita. Wote walikulia Ujerumani Mashariki, na watatu kati yao, Flake wa kinanda, Paul Landers wa gitaa na Christoph Schneider wa ngoma, walipitia bendi ya panki ya huko iitwayo Feeling B. Muziki wao unaitwa metali ya viwandani: magitaa yanakatwa kwa kipimo kama mashine ya kiwanda, ngoma inapiga kama nyundo, kinanda kinaleta sauti za kompyuta, na juu yake Till Lindemann anaimba kwa sauti nzito huku akiizungusha ile “r” ya Kijerumani. Kabla yao walikuwapo Ministry wa Chicago, Godflesh wa Birmingham na Laibach wa Slovenia. Hawa wa Berlin ndio waliofanya nusu ya dunia iimbe Kijerumani bila kukijua.

Sasa turudi kwa Rosenrot. Muhula uliopita nilimuuliza mshkaji mmoja wa uhandisi kwa nini anaiweka ya nane.

“Mwana, ile ni kiporo tu. Ni nyimbo zilizobaki kwenye Reise, Reise.”

“Umeisikiliza yote?”

“Nyimbo mbili tatu hivi. Inatosha.”

Kuhusu historia yuko sahihi. Reise, Reise ilitoka Septemba 2004 na Rosenrot ikaifuata Oktoba 2005. Mwanzoni bendi ilifikiria kuiita Reise, Reise juzuu ya pili, na nyimbo sita kati ya 11 zilitoka kwenye vipindi vya kurekodi vya albamu ile ya kwanza. Pia bendi haikufanya ziara kwa ajili ya albamu hii, walienda kupumzika. Kwa hiyo kweli ni kiporo. Lakini nani hapa hosteli asiyejua wali kiporo wa asubuhi na chai ya rangi? Kuna mboga zinazokolea zikilala. Kusema chakula kimelala ni habari ya kilipikwa lini, utamu ni swali jingine, na hilo linajibiwa kwa kuonja.

Onja basi. “Benzin” inafungua albamu kwa nguvu ambayo albamu nyingi za bendi hii zingeitamani. Wimbo wenyewe “Rosenrot” unachukua kisa ambacho Wajerumani wanakijua tangu shairi la Goethe kuhusu kijana na ua la waridi, kisha unakipeleka kwenye mauti: msichana analitaka ua lililo juu mlimani, kijana anapanda kulifuata. “Stirb nicht vor mir” wameimba na Sharleen Spiteri wa bendi ya Texas kutoka Scotland, Lindemann kwa Kijerumani na yeye kwa Kiingereza, watu wawili wanaotafutana bila kukutana. Halafu kuna “Spring”, ambao kwangu ni miongoni mwa nyimbo bora walizowahi kuandika. Mtu anapanda juu ya daraja kutazama mandhari tu. Watu wanakusanyika chini, wanaamini amekuja kujirusha, wanaanza kumtaka aruke. Yeye anaogopa, anataka kurudi. Mwisho wake si mzuri, na anayeumaliza ni mtu aliyetoka kwenye umati uleule. Wanaoiita albamu hii takataka wangeanza na wimbo huo, wasikie umati unavyoweza kumhukumu mtu bila kumuuliza amefuata nini juu.

Sisemi Rosenrot haina kasoro. “Te quiero puta!”, wenye tarumbeta na Kihispania, ni utani unaochekesha mara moja, mara ya tatu unaubonyeza uende mbele. Na albamu haina uti mmoja kama Mutter, kila wimbo unavuta kwake. Hizo ni hoja, na mtu akiniletea hizo namheshimu. Akiniletea “ni makombo” namuuliza amesikiliza dakika ngapi.

Tatizo la pili la orodha zetu ni kwamba hazitaji kipimo. Mmoja anapanga kwa uzito wa magitaa. Mwingine anapanga kwa umaarufu, kwa hiyo Sehnsucht ya 1997 inapanda kwa sababu ya “Du hast”, wimbo uliowafikisha kwenye uteuzi wa tuzo za Grammy. Wa tatu anapanga kwa kumbukumbu, yaani albamu aliyoisikia kwanza kidato cha tano ndiyo inakuwa bora duniani. Wote watatu wanatumia neno moja, “kali”, kisha wanashangaa hawaelewani. Ni kama watu watatu wanaobishana nani mrefu, mmoja ana rula, mmoja ana mizani, mmoja ana saa.

La tatu linatuhusu zaidi sisi tusiosoma Kijerumani. Tunapanga nusu ya albamu, nusu nyingine imefungiwa kwenye lugha. Mfano ni “Links 2 3 4” kwenye Mutter. Ukisikia mdundo wa kwata na ile hesabu, unaweza kudhani ni wimbo wa wale wanaotamani enzi za Hitler. Ukipata tafsiri unakuta kinyume chake. Mwaka 1998 walitengeneza video ya “Stripped”, wimbo wa Depeche Mode, wakatumia picha za filamu ya Leni Riefenstahl ya Olimpiki ya Berlin ya 1936. Huko kwao ikawa vita, wakaitwa watu wa mrengo wa kulia. “Links 2 3 4” ya 2001 ndiyo majibu yao: links ni kushoto, na wanasema moyo wao uko upande huo. Hata “Du hast” imejengwa juu ya mchezo wa matamshi, maana neno la “una” na neno la “unachukia” kwa Kijerumani yanasikika sawa kwenye nafsi hiyo. Tafsiri zinapatikana. Kuzisoma ni kazi ya nusu saa, na mtu aliyesomea mitihani kwa wiki nzima hashindwi.

Nimelaumu vya kutosha, sasa nitoe yangu. Kipimo changu ni kimoja: albamu inasikilizwa nzima, kwa mpangilio wake, na wimbo unaonifanya niuruke unaipunguzia alama.

Ya kwanza, Mutter (2001). Kuanzia “Mein Herz brennt”, yenye okestra ya filamu ya Babelsberg, hadi mwisho siruki kitu. “Sonne” ilianza kama wimbo wa kumwingiza bondia Vitali Klitschko ulingoni, na bado unausikia ule mwendo wa mtu mzito anayekuja polepole.

Ya pili, Reise, Reise (2004). Jina linasikika kama “safari, safari”, lakini pia ni mwito wa zamani wa kuwaamsha mabaharia. Jalada la toleo lake la kimataifa ni kinasa sauti cha ndege. Ukikumbuka kwamba bendi ilichukua jina kutoka Ramstein, ambako watu 70 walikufa kwenye maonyesho ya ndege mwaka 1988, utaona kwamba ajali ni jambo walilolibeba tangu mwanzo.

Ya tatu, ile isiyo na jina ya 2019, yenye njiti ya kiberiti kwenye jalada jeupe. Ilikuja baada ya miaka kumi ya kimya, na ni ya kwanza bila prodyuza wao wa siku zote, Msweden Jacob Hellner. “Radio” inahusu walivyosikiliza redio za Magharibi wakiwa watoto wa upande wa Mashariki. Hapo wanajisema wenyewe waziwazi.

Ya nne, Sehnsucht (1997). Ya tano, Rosenrot (2005). Ya sita, Zeit (2022), albamu ya watu wanaozeeka na wanaokiri hivyo. Lindemann alikuwa na miaka 59 ilipotoka, na wimbo wa mwisho, “Adieu”, uliwafanya mashabiki wengi waulize kama ndiyo kwaheri. Ya saba, Herzeleid (1995), ambayo ina nguvu ya ujana lakini nyimbo nyingi zinatembea mwendo mmoja. Isingekuwa “Seemann”, wimbo mtulivu wa baharia, ningechoka njiani.

Ya nane, Liebe ist für alle da (2009). Najua hapa nitapigwa mawe. Albamu hii ilisaidiwa sana na ghasia. Mamlaka ya Ujerumani inayolinda watoto dhidi ya machapisho iliiwekea vikwazo Novemba 2009, kwa sababu ya wimbo “Ich tu dir weh” na picha moja, na vikwazo vikasimamishwa na mahakama ya Cologne mwaka 2010. Kupigwa marufuku kuliipa sifa ya ukali. Ukiisikiliza leo, ghasia zikiwa zimetulia, unakuta nyimbo kadhaa zinazojitahidi kushtua kuliko kusema jambo. “Haifisch”, wimbo wa papa unaompungia mkono Brecht, ni mzuri. “Frühling in Paris” ni mzuri zaidi. Haziwezi kubeba zingine.

Sasa mnaweza kunipinga, na ndicho ninachokitaka, kwa sababu mnajua nimepima kwa nini. Ukisema kipimo chako ni uzito wa magitaa, Herzeleid yako itapanda na sitakuwa na neno. Ukisema unapima kwa kipimo changu na bado Rosenrot ni ya nane, tukae tuipige wimbo kwa wimbo.

Kuna wanaosema mjadala wote ni wa bure, kila mtu na ladha yake. Hapana. Ladha ni ya mtu, lakini sababu ni za wote. Anayesema bendi ilipoteza makali baada ya Hellner kuondoka amesema jambo linaloweza kuangaliwa: weka albamu ya 2009, weka ya 2019, sikiliza. Huenda akashinda hoja. Huenda akashindwa. “Kila mtu na ladha yake” mara nyingi inatoka kwa mtu aliyeulizwa sababu akakuta hana.

Na kwa nini nijaze kurasa za jarida la wanafunzi kwa bendi ya Berlin? Kwa sababu nimeona kinachotokea kwa mwaka wa kwanza anayekuja na shauku yake. Anasema anaipenda Zeit, ndiyo iliyomwingiza kwenye muziki huu. Chumba kizima kinacheka. “Huyo bado mgeni.” Wiki inayofuata naye anasema Mutter ya kwanza, Rosenrot ya mwisho, na hajaisikiliza hata moja kati ya hizo mbili. Tumempata mwenzetu mmoja na tumepoteza sikio moja. Sisi tunaosikiliza muziki huu tayari tunaangaliwa vibaya, wapo majirani wa korido wanaoamini tunaita mashetani. Tunajua kero ya kuhukumiwa na mtu ambaye hajasikiliza. Halafu tunaifanya wenyewe kwa wenyewe.

Tabia hiyo haiishii kwenye muziki. Anayedesa orodha ya albamu leo kesho anadesa maoni kuhusu kozi asiyoisoma, kitabu asichokifungua, mgombea wa serikali ya wanafunzi asiyemsikia akiongea. Albamu ni mahali rahisi pa kujifunza kuacha, maana gharama yake ni chini ya saa moja na bando kidogo.

Kwa hiyo naomba mambo mawili kwa mashabiki wenzangu. Ukitoa orodha, taja kipimo chako kwanza. Na albamu unayoiweka mwisho, isikilize mzima mzima wiki hiyohiyo unayoitukana. Mwenye orodha tofauti na yangu aiandike, jarida hili lina nafasi toleo lijalo. Mtetezi wa Liebe ist für alle da ndiye ninayemsubiri kwa hamu zaidi.