Kupiga Windows Upya Hakuondoi Matangazo

Kompyuta ya nyumbani ikianza kurusha matangazo ovyo, hukumu hutolewa kabla ya uchunguzi: ina virusi, ipelekwe kwa fundi apige Windows upya. Utaisikia steshenari za Dar es Salaam, saiba za Nairobi na Mombasa, ofisini, chuoni na sebuleni, tena kwa uhakika usioacha nafasi ya swali. Mimi naipinga. Kufuta diski na kuweka mfumo upya ni kazi nzito ambayo mara nyingi haigusi kabisa mahali matangazo yanapotoka, mara nyingine huongeza tatizo, na njiani hupotea picha za harusi, tasnifu iliyobakiza sura moja, na hesabu za duka ambazo hazikuwa na nakala popote. Sehemu kubwa ya matangazo sugu na programu za kijasusi katika kompyuta zetu za nyumbani haikuvunja chochote ili iingie. Ilipewa ruhusa. Kinachoiondoa ni kuifuta ruhusa ile pale pale ilipotolewa, na anayefuta mfumo mzima bila kuitafuta ruhusa hiyo anafanya kazi kubwa mahali pasipohusika.

Tuanze na kile kiboksi kinachochomoza chini kulia, karibu na saa, hata mtu anapoandika barua na hana tovuti yoyote mbele yake. Kinamwambia kompyuta imeambukizwa, kinabeba nembo inayofanana na ya programu maarufu ya kuzuia virusi, kinamhimiza abofye upesi. Mwenye kompyuta huamini kuna kitu kimejificha ndani ya Windows. Kwa kawaida hakuna. Mwezi wa Aprili 2015, Chrome toleo la 42 lilianza kuziruhusu tovuti kutuma arifa hata baada ya mtu kuzifunga, mradi amekubali, na vivinjari vingine vikawa na uwezo huo huo. Nia ilikuwa nzuri: barua pepe imefika, mechi imeanza. Wauza matangazo wakang'amua kwamba kitufe kimoja kikibofywa, wamepata njia ya kumfikia mtu usiku na mchana bila kusakinisha hata faili moja. Ndipo tovuti za kutazama mpira bure, za kupakua filamu na za kugeuza video kuwa muziki zilipojaa kurasa zinazomwambia mgeni abofye “Ruhusu” ili kuthibitisha kwamba yeye si roboti. Anayebofya hathibitishi chochote. Anaikubalia tovuti ile impelekee matangazo. Google yenyewe iliona uharibifu huo, na katika Chrome 80 ya Februari 2020 ikaanza kuyapunguzia kelele maombi ya arifa, lakini ruhusa nyingi zilizokwisha kutolewa zimebaki zilipo. Kuziondoa ni kufungua nukta tatu za juu kulia, kisha Mipangilio, Faragha na usalama, halafu mipangilio ya tovuti, na humo sehemu ya arifa. Majina ya tovuti zote zilizoruhusiwa yamo humo, na usiyoyatambua unayafuta. Programu ya kuzuia virusi inaweza kupekua diski nzima isiambulie kitu, kwa kuwa hakuna faili la kuambulia. Na hapo ndipo watu hufanya kosa la pili la kufikiri: badala ya kusema labda hakuna virusi, wanasema virusi hivi ni vikali mno.

Kundi jingine ni la programu zinazosakinishwa kwa kupitia programu nyingine. Mtu anataka kisomaji cha PDF. Katikati ya kubofya “Endelea, Endelea, Nakubali” kuna kisanduku kilichokwisha kutiwa tiki, kinachomwongezea upau wa utafutaji, programu ya kuiongezea kompyuta kasi, na kivinjari ambacho hakukiomba. Hii ni biashara yenye bei. Watafiti wa Google na wa Chuo Kikuu cha New York walioichunguza na kuchapisha matokeo yao mwaka 2016 walikuta wenye programu hizo wakilipa kuanzia senti 10 za Marekani hadi dola 1.50 kwa kila kompyuta moja iliyosakinishwa. Walikuta pia kwamba mfumo wa usalama wa Google ulikuwa ukitoa maonyo zaidi ya milioni 60 kwa wiki kuhusu programu za aina hiyo, karibu mara tatu ya maonyo yaliyohusu programu hasidi. Mwaka uliotangulia, utafiti mwingine ambao Google ilishirikiana na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, uligundua kwamba asilimia 5.5 ya anwani za intaneti zilizofika katika tovuti za Google kwa siku zilikuwa zikichomekewa matangazo yasiyo ya tovuti hizo. Yalikuwa yanachomekwa na viendelezi zaidi ya 50,000 vya Chrome na programu zaidi ya 34,000 za Windows. Viendelezi vimezizidi programu kwa mbali, nacho kiendelezi hukaa kwenye kivinjari, na kivinjari siku hizi kimeunganishwa na akaunti ya mtu.

Jambo hilo la akaunti linaiangusha dawa ya kupiga Windows kuliko jingine lolote. Fundi amefuta kila kitu na kompyuta imerudi nyumbani safi. Mwenyewe anafungua Chrome, anaingia kwa akaunti yake ya Google ili apate alamisho na manenosiri yake, na kwa kuwa usawazishaji umewashwa, viendelezi alivyokuwa navyo vinashuka upya, kikiwemo kile kinachogeuza matokeo ya utafutaji wake. Matangazo yanarudi siku hiyo hiyo. Habari inayosambaa mtaani ni kwamba virusi vile vimeshinda hata Windows mpya, wakati Windows haikuhusika hata kidogo. Ukaidi mwingine wa programu hizi unaelezeka vivyo hivyo, bila muujiza. Zipo zinazojiandikia zamu katika ratiba ya kazi za Windows, ili zikifutwa leo zijipakue tena kompyuta itakapowashwa kesho. Zipo zinazoongeza anwani ya tovuti mwishoni mwa njia ya mkato ya Chrome, hivyo kila ukibofya ikoni unapelekwa kwenye ukurasa wao. Nyingine huandika sera katika rejista, na Chrome ya sebuleni inaanza kutangaza kwamba inasimamiwa na shirika wakati hakuna shirika lolote, na kiendelezi kilichowekwa hivyo hakikubali kuondolewa kwa njia ya kawaida. Haya yote yanaonekana kwa anayeyatazama. Autoruns, programu ya bure ya Mark Russinovich inayotolewa na Microsoft, huorodhesha vitu vinavyojiwasha vyenyewe pamoja na zamu zote za ratiba, na fundi anayejua kuisoma ataondoa chanzo bila kugusa picha hata moja ya mteja.

Imani kwamba mfumo uliowekwa upya ni mfumo safi ilipata pigo kubwa hadharani mapema mwaka 2015. Iligundulika kwamba Lenovo ilikuwa imeuza laptopu zikiwa tayari na programu ya Superfish ndani yake. Programu hiyo ilichomeka matangazo katika kurasa alizofungua mnunuzi, na ili iweze kufanya hivyo hata katika kurasa zilizofungwa kwa usimbaji, ilijiwekea cheti chake ndani ya Windows na kujiweka kati ya mtu na benki yake. Kompyuta zilikuwa mpya, zimetoka kiwandani. Mwenye kompyuta hiyo akiirudisha katika hali ya kiwandani, aliirudisha katika hali yenye Superfish. Wala kuiondoa programu peke yake hakukutosha, kwani cheti kilibaki. Mwaka 2017 Lenovo ilikubaliana na Tume ya Biashara ya Marekani na majimbo 32, na ikalipa majimbo hayo dola milioni 3.5. Kilichowasaidia wanunuzi ni maelekezo mahususi ya kuondoa programu ile na cheti kile, pamoja na Microsoft kuifundisha programu yake ya Defender kuviondoa vyote viwili.

Kwetu lipo jambo ambalo mjadala wa Marekani hauligusi, nalo ni flashi ya fundi. Windows inayopigwa katika maduka mengi imetoka kwenye flashi iliyozunguka kompyuta nyingi, na nakala iliyomo mara nyingi ilipakuliwa kwenye tovuti ya programu za wizi, ikaambatana na programu ya kuamilisha bila leseni. Programu hiyo ya kuamilisha, ambayo jina lake maarufu ni KMSPico, humtaka mtumiaji azime kwanza ulinzi wa Windows ili ifanye kazi. Mwishoni mwa mwaka 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza jinsi visakinishi bandia vya KMSPico vilivyokuwa vikibeba Cryptbot, programu inayoiba manenosiri na pochi za sarafu za kidijitali. Kwa hiyo mteja aliyeingia dukani na arifa za kero anaweza kutoka na mfumo ambao ulinzi wake umezimwa kwa makusudi na ndani yake kuna mwizi asiyerusha tangazo hata moja. Atarudi nyumbani akisifu utulivu wa kompyuta yake. Tena mafundi wengi hufuta sehemu ya C pekee ili kuokoa mafaili ya mteja yaliyo D, na kule D ndiko folda ya visakinishi vilivyoleta kero inakokaa, ikisubiri kubofywa tena.

Wapo watakaosema jibu basi ni kuongeza programu ya kuzuia virusi, ikiwezekana mbili. Ushahidi hauwasaidii. Mwaka 2017 washambuliaji walipenyeza msimbo wao ndani ya CCleaner 5.33, programu ya usafi inayopendwa mno, na takriban watumiaji milioni 2.27 walikuwa na toleo hilo lililochafuliwa. Mwaka 2019 kampuni ya maduka ya Office Depot na mshirika wake Support.com walikubali kulipa jumla ya dola milioni 35 baada ya Tume ya Biashara ya Marekani kuwashtaki kwamba kipimo chao cha bure cha afya ya kompyuta kilidai kuna dalili za programu hasidi kwa sababu tu mteja alijibu “ndiyo” kwa swali kuhusu matangazo au kasi ndogo, kisha akauziwa matengenezo. Na mwaka 2024 tume hiyo hiyo iliitoza Avast dola milioni 16.5, kwa kuwa viendelezi na programu zake za kulinda watu zilikusanya historia ya kuvinjari kwao, na kampuni tanzu ya Jumpshot ikaiuza. Sisemi watu wakae bila kinga. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kinga imo ndani ya Windows yenyewe, bure, na kwa nyumba nyingi inatosha ikiachwa iwashwe na isasishwe. Kila programu ya usafi inayoongezwa juu yake ni mgeni mwingine aliyepewa ruhusa ya kuona kila kitu.

Pingamizi lenye uzito ni kwamba kuna siku kupiga Windows upya ni lazima. Nakubali. Ikithibitika kwamba kompyuta iliingiwa na mwizi wa manenosiri, au kwamba mtu anaiendesha kutoka mbali, hakuna fundi mwaminifu atakayeapa ameondoa kila kitu kwa mkono; afute, asakinishe upya. Lakini hata siku hiyo imani ninayoipinga inadanganya, kwa sababu inamfanya mtu apumzike mapema. Programu kama RedLine hukusanya manenosiri na vidakuzi vilivyohifadhiwa kwenye kivinjari na kuvituma kwa mwenye nazo muda mfupi tu baada ya kuwashwa. Diski ikifutwa wiki mbili baadaye, funguo za barua pepe na za benki ziko mikononi mwa mwizi bado. Panapohitajika Windows mpya, panahitajika pia kubadili manenosiri yote kwa kutumia kifaa kingine kilicho salama, kuondoa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti, na kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili. Katika duka gani mteja huambiwa hayo wakati wa kukabidhiwa laptopu yake?

Limebaki la gharama, na sitaki kulipita juu juu, maana leseni ya Windows ni fedha nyingi kwa mshahara wa mwalimu au mapato ya mwenye genge. Ila uchaguzi hauko kati ya leseni ya bei hiyo na flashi ya wizi. Microsoft huruhusu mtu yeyote kupakua kisakinishi cha Windows kwenye tovuti yake, na mfumo usioamilishwa huendelea kufanya kazi ukiwa na maandishi ya kukumbusha kwenye kona na baadhi ya mipangilio ya mwonekano imefungwa. Mwenye kompyuta ataamua mwenyewe kuhusu leseni, lakini angalau hajajiwekea mwizi. Kompyuta nyingi huja na leseni yake kutoka kiwandani, na Windows halali ikiwekwa tena hujitambua yenyewe bila programu ya kuamilisha. Kwa anayeandika barua na kutunza hesabu, LibreOffice ni bure kabisa, na kompyuta kuukuu isiyokidhi masharti ya Windows 11 inaweza kuendeshwa na mfumo wa Linux Mint. Fundi naye ana haki ya kulipwa kwa uchunguzi. Leo analipwa kwa kitendo kinachoonekana, kupiga Windows, na akitumia nusu saa kukagua arifa, viendelezi, usawazishaji na ratiba ya kazi, mteja analalamika kwamba hakufanya kitu. Wateja tukubali kulipia nusu saa hiyo, kisha tumwombe atuonyeshe alichokuta kabla hajagusa diski, na akisema lazima afute, atuambie Windows anayotaka kuweka aliipakua wapi.